Kuitafiti Historia ya Mkoa kwa Nyaraka za Mtandaoni: Mfano wa Mkwawa wa Uhehe

Utangulizi

Mwalimu anayepangiwa shule ya kijijini huanza kazi akiwa na kitabu kimoja cha historia, nacho huwaeleza watoto wa nchi nzima habari zilezile. Historia ya mkoa wao hupewa aya mbili au tatu tu. Zamani mwalimu aliyetaka zaidi ya hapo alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam. Na nyaraka nyingine zilikuwa Ulaya, asikoweza kufika. Siku hizi sehemu ya nyaraka hizo imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na mwanachuo mwenye simu aweza kuzisoma. Hata hivyo, kuupata waraka si sawa na kuufahamu. Makala hii inaonyesha, kwa mfano wa Mtwa Mkwawa wa Uhehe, jinsi ya kuzitafuta nyaraka, kuzihoji na kuziingiza darasani.

Habari kwa ufupi

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lililishambulia kwa ghafla jeshi la Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru fuvu hilo litolewe, lakini halikurejeshwa hadi 1954. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa.

Hatua ya kwanza: Kutafuta

Kosa la kwanza la mtafiti mgeni ni kutafuta kwa majina ya leo. Nyaraka zimepangwa kwa majina waliyoyatumia walioziandika. Maofisa wa Kijerumani, kama Tom von Prince aliyekuwa mkuu wa kituo cha Iringa, walimwandika Mkwawa kuwa “Quawa”, na Kalenga wakaiita “Kuirenga”. Mkataba wa Versailles kwa Kiingereza husema “Mkwawa”, bali kwa Kijerumani husema “Makaua”. Vilevile jina Tanzania halimo katika nyaraka za kabla ya 1964. Kwa habari za wakati wa Wajerumani, tafuta “Deutsch-Ostafrika”. Basi kabla ya kuanza, andika katika daftari kila namna ambayo jina la mtu au mahali lilipata kuandikwa.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni picha nyingi za makoloni ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marekani, kina mkusanyiko wa picha za wamisionari, zikiwamo zilizopigwa nchini mwetu. Kila upatapo waraka, andika papo hapo jina la maktaba, namba ya waraka na mwaka wake. Waraka usiojulikana ulikotoka haufai kufundishia.

Hatua ya pili: Kuhoji

Waraka ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Nani aliandika? Alimwandikia nani? Alitaka apate nini? Ni nani hakutajwa?

Tuchukue kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles. Kifungu hicho kina maagizo mawili. Kwanza, Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hejaz Kurani ya Khalifa Othman iliyoondolewa Madina. Pili, katika muda wa miezi sita, Ujerumani iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mwanachuo asome tena kwa makini. Kurani inarudishwa kwa mtawala wa nchi ilikotoka. Fuvu linatolewa na mtawala mmoja wa kigeni na kukabidhiwa mwingine. Wahehe hawakutajwa hata mara moja. Jambo hilo halikuandikwa, ila limo ndani ya waraka kwa yeyote anayeuliza.

Hata makumbusho yafaa kuhojiwa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alilichagua fuvu kati ya mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka uliofuata alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wako wanahistoria waliotia shaka kama fuvu lile ni lenyewe. Mwalimu asiifiche shaka hiyo, wala asiifanye mzaha.

Hatua ya tatu: Kulinganisha na wenyeji

Nyaraka nyingi za wakati ule ziliandikwa na upande mmoja wa vita. Upande wa pili umo vinywani mwa wazee na katika nchi yenyewe: Lugalo, Kalenga, na Mlambalasi alikozikwa Mkwawa. Katika mji wa Iringa, Boma la zamani la Wajerumani limekuwa makumbusho tangu 2016. Unapomwendea mzee, usimsomee waraka kwanza, maana ataufuata. Msikilize hadi amalize, kisha uliza. Omba ruhusa kabla ya kuandika maneno yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya kwa njia hii habari za Vita vya Majimaji kutoka kwa wazee wa kusini. Bila kazi yao mengi yangezikwa pamoja na wazee hao.

Hatua ya nne: Darasani

Shule ikikosa umeme, somo haliharibiki. Nakili maneno ya kifungu kuhusu fuvu, kwa Kiswahili chepesi, juu ya karatasi ya manila. Gawa darasa katika vikundi, kila kikundi kijibu:

1. Fuvu litolewe na nani?
2. Likabidhiwe nani?
3. Ni nani aliyestahili kuulizwa, lakini hakuulizwa?

Swali la tatu ndilo kiini cha somo. Lipe muda wa kutosha. Kwa kazi ya nyumbani, kila mtoto amwulize mzee asili ya jina la kilima, mto au kitongoji kimoja.

Angalizo moja ni la lazima. Huenda darasani mna watoto wa ukoo wa mtu anayesimuliwa. Usioneshe picha ya fuvu kama kioja. Huyo ni babu wa watu.

Hitimisho

Mtoto anayesoma historia yake kwa maneno ya aliyewashinda mababu zake hujifunza kuwa wao walikuwa watu wa kusimuliwa tu. Mtoto anayefundishwa kuyahoji maneno hayo hujifunza kuwa naye ana haki ya kusema. Hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu.

Zoezi kwa wanachuo

Chagua tukio moja la mkoa wako lililotokea kabla ya 1961. Tafuta waraka mmoja mtandaoni na masimulizi ya mzee mmoja. Eleza yanapokubaliana, yanapopingana, na sababu zake.