ASILI YA NENO "BOSI"

Mwanachama afikapo katika ofisi ya chama cha msingi kuuliza malipo ya mazao yake, mara nyingi husikika akisema, "Namtaka bosi." Pengine anayemtaka ni meneja, pengine katibu, pengine karani wa mizani, wote hao amewapa jina moja. Jina hilo lina historia yake, na yafaa wanachama waifahamu.

"Bosi" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, lakini hata kwa Waingereza ni neno la kuazima. Shina lake ni neno la Kiholanzi baas, yaani bwana au msimamizi wa kazi. Katika karne ya 17 Waholanzi walikuwa na koloni Amerika ya Kaskazini, na mji wake mkuu uliitwa New Amsterdam. Mwaka 1664 Waingereza waliutwaa, wakauita New York. Serikali ilibadilika, lakini wakazi wa Kiholanzi walibaki na lugha yao, na neno baas likahamia taratibu katika Kiingereza cha huko kwa umbo la boss.

Jambo la kuzingatia ni sababu iliyolifanya lipendwe. Baada ya Marekani kujitangazia uhuru mwaka 1776, vibarua na watumishi weupe walichukia kumwita mwajiri master, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo watumwa walimwitia mmiliki wao. Raia huru alitaka neno lisilonuka utumwa, naye akalipata boss. Mwandishi James Fenimore Cooper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1838, aliwakosoa kwa ukali: wamelikimbia neno la Kiingereza, wakalikumbatia la Kiholanzi lenye maana ile ile. Cooper hakuwa mpenzi mkubwa wa usawa, lakini katika hoja hii ni vigumu kumpinga. Aliyetoa amri aliendelea kuitoa.

Baadaye neno hilo liliingia katika siasa. Mjini New York, William Tweed, aliyejulikana kwa jina la Boss Tweed, alizishika kamati za chama na fedha za mji, na ankara za ujenzi zikalipwa mara nyingi zaidi ya thamani ya kazi. Alifia gerezani mwaka 1878. Huko Afrika Kusini neno lenyewe la Kiholanzi lilibaki katika lugha ya Makaburu, na Mwafrika alitazamiwa kumwita mwajiri wake Mzungu baas, hata kama huyo mwajiri alikuwa kijana mdogo kuliko yeye.

(Lipo neno jingine la Kiingereza lenye umbo hilo hilo, ambalo maana yake ni nundu. Hilo lilitoka Kifaransa, na ndilo lililozaa jina la muhuri ule unaobonyeza karatasi pasipo wino. Hayo mawili hayana udugu.)

Sasa neno hili lina nafasi gani katika ushirika? Wanaushirika wa Rochdale, walioanzisha duka lao Uingereza mwaka 1844, walijulikana kwa kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja, bila kujali wingi wa hisa. Kwa msingi huo mamlaka ya juu ya chama ni Mkutano Mkuu. Meneja huajiriwa na chama na kulipwa kwa fedha za chama. Mkulima amwitaye bosi, kwa maana halisi ya neno, anamwita bwana yule ambaye yeye na wenzake wamemwajiri. Madhara yake huonekana kwenye mizani: anayejiona mbele ya bwana huona haya kuomba gunia lake lipimwe tena, na hupokea malipo yake kana kwamba amekirimiwa.

Tanzania ilikwisha kulitazama jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu.

Kwa upande wa makatibu, jambo ni jepesi. Katika muhtasari wa mkutano huandikwa cheo cha msemaji: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Meneja. "Bosi" si cheo katika masharti ya chama. Na endapo mjumbe amelitamka mkutanoni, katibu ataandika cheo cha yule aliyekusudiwa, ili wakaguzi wa hesabu wajue ni nani aliyeidhinisha malipo.