SOMO KWA MAKATIBU: OILI YA INJINI KWA PIPA

Ndugu Katibu, kabla Chama hakijanunua pipa la oili, fanyeni hesabu. Pipa huchukua lita 200 hivi. Gari lihitajilo lita 7, likibadilishwa oili mara 5 kwa mwaka, hutumia lita 35. Pipa hilo litakaa karibu miaka 6, na fedha za wanachama zitakuwa zimelala. Heri vyama jirani vinunue pamoja na kugawana.

Pwani kwetu Kitomanga adui mkubwa ni maji. Pipa likisimamishwa nje, mvua hutuama juu yake. Mchana hewa iliyomo hutanuka na kutoka. Usiku pipa hupoa na kufyonza maji kupitia vizibo. Kwa hiyo:

1. Pipa likae ghalani, mbali na moto na magunia ya korosho.
2. Likibidi kukaa nje, lilazwe juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, chini ya usawa wa oili.
3. Kila lita itokayo iandikwe daftarini.
4. Oili iliyogeuka rangi kama maziwa imeingia maji, isitumike.

Oili ya gari isichanganywe na petroli ya mashine za kupulizia mikorosho. Hizo zina oili yake.