Mama Ntilie na Nyota ya Hoteli

Tinde ni njia panda. Malori yatokayo Nzega hugawana hapa: mengine huenda Shinyanga na Mwanza, mengine Kahama. Dereva mwenye njaa huketi kwenye benchi la mama ntilie, akala wali na maharage, akaondoka. Je, chakula hicho kinaweza kupewa tuzo ya hoteli kubwa?

Wengine watacheka. Wasicheke. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa hutengeneza matairi. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, ili wasafiri zaidi na matairi yalike upesi. (Wafanyabiashara hao!) Tangu mwaka 1926 kitabu hicho hutoa nyota kwa hoteli zenye chakula kizuri. Wakaguzi huja bila kujitambulisha, hula, hulipa kama sisi. Wanachopima ni kilichomo sahanini, basi. Kitambaa cha meza hakileti nyota.

Mwaka 2016 huko Singapore, Bwana Chan Hon Meng alipata nyota kwa wali na kuku aliouza kibandani. Mwaka 2021 alinyang'anywa.

Kwa hiyo sisi tunasema mama ntilie anastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Lakini tazameni: wauza chakula wa Singapore walitolewa barabarani miaka ya 1970 na 1980. Serikali iliwajengea masoko yenye paa, maji ya bomba na mifereji. Mama anayeoshea sahani zote katika beseni moja atashindana nao vipi?

Zungumzeni kikundini: bomba la vibandani alilete nani?