Kituo cha Utafiti Elburgon: Tuulize Nini?

Swali: Kampuni inataka kujenga kituo cha utafiti wa mbegu hapa Elburgon. Sisi wakazi tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na maji. Mko ubavuni mwa Msitu wa Mau; kisima chao kirefu kikichimbwa ovyo, visima vyenu vya nyumbani huenda vikakauka. Ombeni ripoti ya athari kwa mazingira kabla mamlaka ya mazingira, NEMA, haijatoa leseni. Sheria ya mazingira ya 1999 inawapa nafasi ya kutoa maoni. Kisha ajira. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 iliwaacha mafundi wengi wa mbao bila kazi: waajiriwe kujenga, si kufagia tu. Mwisho, tazameni mfano: huko Njoro, jirani yenu, shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, hupima ngano za nchi nyingi dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Katembeeni huko kwanza, mwone kituo cha utafiti kinavyofanya kazi.