Moshi Umepungua, Je Majivu? Namna ya Kusoma Takwimu za Sumu za Kituo cha Umeme

Mnaotafuta mashamba ya kukodi jirani na viwanda huwa mnaniuliza: nitajuaje kama sumu inayotoka pale inaongezeka au inapungua? Leo tujifunze kwa mfano wa Marekani, maana kule takwimu hizi ziko wazi kwa yeyote.

Chanzo chake kinatugusa sisi wa kilimo. Desemba 1984 gesi ilivuja kwenye kiwanda cha viuatilifu huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Mwaka 1986 Marekani wakatunga sheria: viwanda vieleze kila mwaka vinatoa sumu gani, kiasi gani, na inakwenda wapi. Vituo vya umeme vya makaa ya mawe na mafuta viliingizwa kuanzia takwimu za 1998.

Ukipata takwimu hizo usikimbilie jumla. Angalia hewani, majini na ardhini, kila moja peke yake. Kituo kikifunga mtambo wa kusafisha moshi, namba ya hewani inashuka na watu wanashangilia. Lakini arseniki na risasi haziungui zikaisha. Zikinaswa kwenye moshi zinahamia kwenye majivu, yaani namba ya ardhini.

Na ardhini nako sio mwisho wa safari. Kituo cha Kingston, Tennessee, kilikuwa kinarundika majivu yake kwenye bwawa. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008 ukingo ukapasuka, tope la majivu kama mita za ujazo milioni 4 likafunika ekari zipatazo 300 na kuingia mto Emory. Majivu ya miaka mingi, yametoka kwa usiku mmoja!

Kuna jambo lingine, umeme uliozalishwa. Chukua mfano wa hesabu tu: mwaka wa kwanza kituo kimetoa kilo 600 za risasi kwa uniti milioni 6,000 za umeme, mwaka wa tano kilo 400 kwa uniti milioni 3,000. Imepungua? Kwa kila uniti milioni, imepanda kutoka kilo 0.10 hadi 0.13. Kituo kimepunguza kazi, hakijawa kisafi. Ila kwa udongo wako unajumlisha kilo za miaka yote, kwa sababu risasi haiozi.

Angalia pia kama sheria ilibadilika katikati. Kuanzia takwimu za 2000, kiwango cha zebaki kinacholazimu kutoa ripoti kilishushwa hadi ratili 10, kama kilo 4.5. Kwa hiyo kituo kinaweza kukosekana 1999 na kutokea 2000, na wala hakijaongeza chochote.

Halafu namba nyingi kati ya hizi ni makadirio ya kituo chenyewe. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya shamba, chota udongo sehemu kama 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, peleka maabara. Waambie wazi unataka arseniki, risasi, kadimiamu na zebaki, maana kipimo cha kawaida cha pH na virutubisho hakizionyeshi. Maji ya kumwagilia nayo yapimwe. Matokeo yatunze, mwaka unaofuata chota sehemu zilezile na kwa kina kilekile, ndo utaweza kulinganisha.