Kabla ya Kumpa Mgonjwa wa Kifafa Dawa ya Miti

Anza na daftari. Kabla hujachemsha mzizi wowote, andika kila mara mgonjwa anapoanguka: tarehe, saa, amechukua muda gani, usiku uliotangulia alilala vya kutosha au la, ana homa, vidonge amemeza au ameruka. Fanya hivyo walau miezi 3. Kifafa hupanda na kushuka chenyewe, na watu hukimbilia dawa mpya pale kinapopamba moto. Nafuu inayofuata huhesabiwa kuwa kazi ya dawa hiyo, hata kama ingekuja vilevile. Degedege la homa ndilo linalowadanganya wengi. Huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hivi, kisha wengi wao huachana nalo kwa kukua tu. Aliyempa mwanawe majani katika umri wa miaka 4 ataapa mpaka kesho kwamba ni yale majani.

Sisemi waganga hawajui kitu. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili walichapisha matokeo ya mahojiano na waganga 100 wa Temeke, Dar es Salaam. Waliosema kifafa kinaletwa na uchawi walikuwa 30, lakini 92 waliweza kueleza dalili zake sawasawa, na kwa jumla walitaja mimea 60 wanayoitumia. Baadhi ya mimea hiyo, ukiwemo mturituri, imewahi kuonyesha katika maabara uwezo wa kuzuia mishtuko. Ila maabara si mwili wa mtu, na punje nyekundu za mturituri huohuo zina sumu inayoweza kuua zikitafunwa.

Mmea uliovuka safari yote hadi duka la dawa ni bangi, na hata huo si kwa namna watu wanavyosimulia vijiweni. Kilichotolewa humo ni kanabidioli, kiambato kisicholevya, kikasafishwa na kupimwa kwa miligramu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana wenye aina kali ya kifafa iitwayo Dravet walipewa kanabidioli, na kiwango cha kati cha mishtuko yao kwa mwezi kikashuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Marekani iliiidhinisha mwaka 2018, kwa aina chache tu za kifafa. Watoto wale hawakuachishwa dawa zao za kawaida. Kanabidioli iliongezwa juu yake. Na bado ilibidi damu ipimwe, kwani ikikutana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kulitesa ini. Kumvutisha mgonjwa bangi au kumchemshia ni jambo jingine kabisa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha vidonge vya hospitali. Fenobarbitali ikikatwa ghafla, mgonjwa anaweza kushikwa na mishtuko mfululizo isiyokoma, na hiyo inaua. Mganga akikuambia dawa yake haiendi pamoja na vidonge vya hospitali, mshukuru, lipa nauli, rudi nyumbani. Akikubali, muulize jina la mti, sehemu inayotumika na kipimo, kisha weka kipande cha dawa hiyo pembeni umwonyeshe daktari. Daktari naye asifichwe. Mimea mingine hubadili nguvu ya vidonge mwilini. Hata balungi, tunda tu la mezani, hupandisha kiwango cha karbamazepini, nayo dawa ya kifafa, kwenye damu.

Vipo pia vitu vya nyumbani vinavyoamsha mishtuko badala ya kuituliza. Kafuri ni kimojawapo: miaka ya 1930 daktari Meduna wa Hungaria aliitumia makusudi kuwatia wagonjwa wa akili mishtuko. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa hufanya hivyohivyo. Mafuta ya muarobaini yamewahi kuwatia watoto wachanga mishtuko na kuwapotezea fahamu. Vitu hivi visimkaribie mtoto mwenye kifafa, sembuse kumnywesha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, na fenobarbitali, inayotumika tangu 1912, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Kama vidonge havijasaidia, rudi kliniki na daftari lako. Huenda kipimo ni kidogo au dawa si ya aina ile ya kifafa.

Na siku anapoanguka, usimtie kitu chochote kinywani, iwe kijiko, kidole, maji au dawa ya mti. Usimnusishe kiatu. Ondoa moto na vitu vyenye ncha karibu naye, mwekee nguo laini chini ya kichwa, mlaze ubavu na utazame saa. Zikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla fahamu hazijamrudia, mkimbize hospitali.