Pima Pumzi ya Injini Kabla ya Kuifungua

Mkulima mwenye pikapu anaijua taabu ya gari linaloanza kuchoka. Mwaka jana lilipanda mlima kwa gia ya tatu likiwa limebeba mikebe ya maziwa. Mwaka huu lapanda kwa gia ya kwanza, tena likitetemeka na kutoa moshi. Unalipeleka kwa fundi, naye analisikiliza kidogo, anatikisa kichwa na kusema, "Injini imekwisha. Lazima tuifungue yote." Maneno hayo yaweza kukugharimu bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Huenda ni kweli. Lakini huenda ikawa ni valvu moja tu, au gasketi, au hata ubovu usiohusu injini yenyewe. Basi kabla ya kukubali, mwombe fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Kwa magari mengi ya petroli kazi hiyo haimalizi saa moja, na geji yake hufanana na ile ya kupimia upepo wa magurudumu.

Yafaa kwanza ujue kinachopimwa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa na petroli. Inapopanda huubana mchanganyiko huo, huku valvu zimefungwa; ndipo plagi hutoa cheche, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hewa ikivuja wakati wa kubanwa, nguvu hiyo hupungua na petroli yaliwa bure. Ni kama pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake ya ndani imelika: utasukuma mpaka jasho likutoke, na gurudumu halijai. Katika injini hewa ina njia tatu kubwa za kutorokea: kando ya pistoni, ikiwa ringi zimelika; penye valvu, ikiwa zimeungua au hazikai sawasawa; na penye gasketi iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini.

Injini ipimwe baada ya kuendeshwa, ikiwa na joto lake la kazi. Betri iwe na nguvu, kwa maana betri iliyochoka huizungusha injini polepole na geji husema uongo. Puliza vumbi lote lililo kando ya plagi lisije likaanguka ndani, kisha utoe plagi zote, wala si moja moja. Zipange kwa utaratibu wa silinda zake na kuzitia waya alama. Plagi yenyewe ni shahidi: ikiwa imelowa oili nyeusi, silinda yake inapitisha oili. Katisha umeme wa plagi na uondoe fyuzi ya pampu ya petroli, kama gari linayo, kwa sababu mvuke wa petroli ukikutana na cheche ni hatari. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na jiwe liwekwe kwenye gurudumu.

Fundi akishafunga geji katika tundu la plagi ya kwanza, mtu mmoja akae ndani, akanyage mafuta mpaka mwisho na kuzungusha stata mpaka mshale uruke mara 5 au 6. Wengi husahau kukanyaga mafuta. Hapo hewa haipati njia, na hesabu hutoka ndogo pasipo sababu. Andika hesabu, rudisha mshale kwenye sifuri, uende silinda ya pili. Tazama pia jinsi mshale unavyopanda. Silinda nzima huruka juu upesi. Yenye ringi zilizolika huanza chini na kupanda kidogo kidogo. Yenye valvu inayovuja huanza chini na kubaki chini.

Hapa sasa ndipo wakulima wa nchi za juu wanapopotoshwa. Hesabu zilizo katika vitabu vya magari kwa kawaida ni za mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Nyingi za injini za petroli hutakiwa zionyeshe ratli 125 hadi 180 kwa inchi ya mraba, kila aina na hesabu yake. Lakini hewa ya juu ni nyepesi: kila upandapo mita 300 hivi, hesabu hupungua kama 3 kwa mia. Injini ambayo Mombasa ingeonyesha 170, ukiipeleka Kinangop, ambako mashamba mengi yako juu ya mita 2,400, itaonyesha kama 125 hadi 130. Injini ni ileile, haikuharibika njiani. Nilipata kumwona fundi aliyesoma 126 katika silinda zote nne, akafungua kitabu chenye 170, akamwambia mwenye gari atafute injini nyingine. Kilichokuwa kimeziba ni kichujio cha hewa, kwa vumbi la barabara.

Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa hesabu peke yake. Linganisha silinda kwa silinda. Mafundi wengi hutaka ile ya chini isipungue robo tatu ya ile ya juu, na wenye uangalifu hutaka tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Tuseme geji imeonyesha 124, 127, 80 na 126. Robo tatu ya 127 ni 95, basi silinda ya tatu ni mgonjwa. Mwambie fundi atie ndani yake oili safi, kijiko kimoja cha chai au viwili, azungushe injini kidogo na kupima tena. Oili huziba nafasi kando ya pistoni kwa muda mfupi. Ikiwa hesabu imepanda mpaka 115, ringi ndizo zilizolika. Ikiwa imebaki 82 au 83, tafuta ubovu katika valvu. Na hata hapo, fundi apime kwanza nafasi ya valvu, kwa kuwa valvu iliyokazwa mno haifungi vizuri, na kuirekebisha ni kazi ndogo.

Tuseme tena hesabu ni 126, 58, 60 na 128. Silinda mbili zilizo jirani zimeanguka pamoja, na oili haizisaidii. Karibu kila mara hiyo ni gasketi iliyopasuka kati yao. Zote nne zikiwa chini kwa kadiri moja, hata baada ya kuhesabu kimo cha mahali, na betri ni nzuri, mkumbushe fundi aangalie mkanda au mnyororo unaoendesha valvu. Ukiruka meno, valvu hufunguka wakati usiofaa.

Fundi mwenye mashine ya upepo aweza kufanya jambo jingine, nami nalipenda kwa kuwa halihitaji ila masikio. Pistoni huwekwa juu kabisa, valvu zimefungwa, kisha upepo hutiwa polepole kupitia tundu la plagi. Wote wakae mbali na feni, kwa maana upepo waweza kuizungusha injini kwa ghafula. Halafu sikiliza. Upepo ukilia ndani ya bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi yavuja. Ukilia penye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukisikika penye mdomo wa kutilia oili, ni ringi. Kidogo si neno, kwa maana hata injini mpya hupitisha kidogo. Maji ya radieta yakitoa mapovu, ni gasketi au kichwa kilichopasuka. Radieta hiyo ifunguliwe kabla ya kazi, injini ikiwa haijawa moto mno.

Katika miji kuna karakana zinazofunga sensa ndani ya tundu la plagi na kuitazama nguvu ya silinda kwenye skrini, injini ikinguruma. Chombo hicho huonyesha hata valvu inayochelewa kufunguka. Kwa pikapu ya shambani geji hutosha mara nyingi.

Injini ya dizeli, kama ya trekta, usiijaribu kwa geji ya petroli. Nguvu yake yaweza kufika ratli 400 au zaidi na kuvunja geji. Wala usitie oili ndani yake, kwa sababu hewa iliyobanwa yaweza kuiwasha.

Kazi ikiisha, andika hesabu zote, tarehe na maili au kilomita za gari katika daftari lako, si katika la fundi. Plagi zirudishwe kwa vidole mpaka zishike uzi wake vizuri, ndipo zikazwe kwa spana, tena kwa kiasi. Vichwa vingi vya injini ni vya alumini, na uzi ukikatika, geji haitakuwa na kazi tena.